Siku Mtakoma Alipokata Kamba

Kitabu cha bata nilikirudisha mwenyewe. Saa nne ya asubuhi, saa ambayo fundi charahani mwenye akili zake haachi kazi, nilivaa buibui langu, nikakitia kitabu kwapani, nikashika njia ya skuli. Mwalimu Nassor alikuwa ubaoni anafundisha darasa la tano. Nilitoa salamu, akaitikia, watoto wakasimama kwa adabu. Nikakiweka kitabu juu ya meza yake.

"Mwalimu," nikamwambia, "huyu bata mwanangu hamtaki."

Darasa zima likaangua kicheko. Kwenye benchi la nyuma Safaa wangu aliinamisha kichwa mpaka mtandio ukagusa dawati. Hapo ndipo nilipotambua kuwa nimekuja kumtetea na nimemtia aibu ya pili juu ya ile ya kwanza. Lakini maneno yakishatoka hayarudi, na mimi Mize sina sifa ya kuyapima kabla.

Aibu ya kwanza ilikuwa hii. Safaa ana miaka kumi na tatu, na kwa kimo kashanipita. Siku moja kabla, Mwalimu Nassor alimsimamisha mbele ya wenziwe, akampa kitabu cha darasa la kwanza chenye bata wa manjano kila ukurasa na mstari mmoja chini yake. Bata anaoga. Bata anakula. Mtoto anayefunga Ramadhani nzima, anayenishikia duka nikiwa sipo na kuwapima wateja bila kukosea, akaambiwa asome habari za bata, na hakuweza. Wenziwe walimsindikiza mpaka nyumbani wakilia kama mabata.

Mwalimu Nassor alinitoa barazani tukazungumza. Nisimseme vibaya, si mtu mbaya. Watu wabaya ni rahisi, unagombana nao kisha unalala. Huyu ni kijana aliyesoma, hakosi kazini, na alikuwa na hoja yake.

"Bi Mize, kamuulize Maalim wa chuo cha Kurani. Safaa anasoma msahafu mpaka wenziwe wanapigiwa mfano wake. Mtoto anayesoma Kiarabu atashindwaje na Kiswahili, lugha aliyozaliwa nayo? Huyu hashindwi. Hataki."

Hoja hiyo nilikuwa nayo mimi mwenyewe kwa miaka minne, ndiyo maana iliniuma. Kwa hoja hiyo nilimchapa kwa rula ya kukatia nguo. Kwa hoja hiyo nilimpeleka kwa mzee mmoja anayeandika kombe kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, akaliosha kwa marashi, mtoto akanywa. Mara tatu. Sikikejeli kisomo, namkejeli mama. Mwanangu alikunywa maandishi mengi kuliko aliyoyasoma, na hakuna hata siku moja niliyokaa naye nikamuuliza, mwanangu, ukitazama karatasi unaona nini?

Aliyemuuliza ni Mwalimu Shamima, wa Wawi, anayeshughulikia watoto wenye matatizo ya kusoma. Nilimfuata huko na Safaa wiki ileile, kwenye gari ya asubuhi ya kutoka Kengeja, kwa sababu mteja wangu mmoja alinambia yupo. Mwalimu Shamima alisikia yote, habari ya bata na habari ya chuo, kisha akamwambia Safaa achukue udhu. Akamfungulia msahafu, akamwachia asome sura anayoijua. Safaa akasoma vizuri, kidole kinatambaa juu ya mstari. Halafu Mwalimu Shamima akafungua pengine, katikati ya ukurasa, akaweka kidole chake.

"Anzia hapa."

Safaa akanyamaza. Akanitazama mimi, kisha akatazama chini, na machozi yakaanza kudondoka kwenye mapaja yake. Miaka yote ile kidole kilikuwa kinatambaa tu. Maalim akitangulia, yeye alikuwa akisikia mara mbili na kuyahifadhi, na akigeuza ukurasa ni kwa kuwa kawasikia wenziwe wanageuza. Sikio la mtoto huyu ni la ajabu, na sisi sote, mama, Maalim na mwalimu wa skuli, tulilichukua sikio lake tukaliita macho.

"Ana disleksia," akasema Mwalimu Shamima. "Si uvivu, si upungufu wa akili, wala hana shetani. Kila herufi anaifungua kwa kazi, na kazi hiyo inamchukua muda. Haitamtoka kama homa, Bi Mize. Lakini atasoma."

Akatufundisha vitu vyepesi kabisa: herufi kubwa, mistari mifupi yenye nafasi, karatasi isiyo nyeupe sana, na kadi yenye dirisha la kuonesha mstari mmoja tu kwa wakati. Na asiharakishwe. Kisha akasema neno ambalo ndilo lililonisumbua kuliko yote. "Mpe kitu anachotaka kujua mwisho wake. Huyu ni mkubwa. Mtu mkubwa hasomi bata."

Tuliporudi, mwalimu mkuu aliniita. Bi Ummkulthum ni mwanamke wa haki, lakini haki yake ni kavu. Alisoma barua ya Mwalimu Shamima yote, akaikunja, akasema skuli haina mwalimu wa namna hiyo. Alhamisi ya mwisho kabla ya likizo, Safaa asome ukurasa mmoja mbele yake na mbele ya kamati ya skuli. Akisoma, anabaki na wenziwe. Asiposoma, anarudishwa darasa la pili akaanze upya. Ilikuwa imebaki miezi miwili.

Nilimweleza Safaa jioni ile akiwa anapiga pasi. Hakulia. Alisema, "Mama, wakinitia na vitoto vya darasa la pili, mie sirudi. Ntakwenda mwani." Na alisema kweli, namjua, mkaidi huyu nimemzaa mimi. Ukulima wa mwani si aibu, mama yangu katulisha kwa mwani. Lakini njia ile naijua inakopita. Mtoto wa kike anaacha skuli kwa hasira, mwaka wa kwanza yupo kwenye maji, mwaka wa pili keshaposwa, na hakuna katika hayo alilolichagua. Mimi niliipita njia hiyo. Sikuwa tayari kumwona Safaa akiipita kwa sababu ya bata.

Basi nikatafuta cha kusoma. Nilikwenda Chake Chake, duka moja mpaka jingine. Vitabu vya mitihani vipo. Vitabu vya dua vipo. Muuzaji mmoja alinionesha hadithi za sungura zenye picha nzuri, nikamwambia mwanangu ana miaka kumi na tatu, akanipa kitabu kinene chenye herufi kama sisimizi. Baina ya sungura na sisimizi hakuna kitu. Ama uwe mdogo usome kidogo, ama uwe mkubwa usome kikubwa, na mtoto wangu hakuna aliyemkumbuka. Nilirudi nimekasirika mpaka nikapita kituo changu.

Kitu pekee nilichokipata chenye herufi kubwa na maneno ya watu wazima kilikuwa karatasi ya hospitali juu ya kipindupindu. Safaa alisoma nusu yake kwa tabu, akaiweka chini.

"Mama, kwani watu wakubwa wakiandikiwa kwa herufi kubwa lazima waharishe?"

Nilicheka mpaka sindano ikanichoma. Kisha nikaona huyu mtoto mwenye ulimi wa namna hii ndiye anayepewa bata.

Jibu lilikuwa ndani ya nyumba, na mwenye macho haambiwi tazama, lakini mimi niliambiwa. Baba yake Safaa yupo Unguja kwenye ujenzi. Akipiga simu, jambo la kwanza analoulizwa na binti yake ni kama anakumbuka ng'ombe fulani wa mwaka fulani. Huku kwetu kusini, kiangazi kikiingia, tunacheza ng'ombe. Dume linafungwa kamba ndefu kwenye mti uwanjani, zumari inalia, wanawake wanaimba, na mchezaji anaingia na kitambaa kumchokoza. Safaa anawajua madume wote kwa majina, pembe, wanaowamiliki na visa vyao. Jioni moja alikuwa ananihadithia, mchuzi ukaungua, na baba yake kwenye simu akasema, "Mize, si umwandikie hayo hayo?" Mwanamme huyo hushauri mara moja kwa mwaka, lakini siku hiyo alipata.

Karatasi ninazo. Fundi hakosi karatasi za kaki za kukatia ruwaza. Nilinunua makapeni nyeusi, zile kalamu za ncha nene, na kile kipande cha boksi kinachokuja ndani ya shati jipya nikakikata dirisha la upana wa mstari mmoja. Kisha nikamwendea Mbarouk, mchezaji wetu mkubwa, mtu wa maneno mengi na kovu kwenye kifundo cha mguu, nikamwambia anipe kisa cha siku Mtakoma alipokata kamba. Mtakoma alikuwa dume la Mzee Silima, na siku yenyewe ni mwaka ule kabla ya korona. Mbarouk alikihadithia kwa raha, kama anavyokihadithia kila harusi. Nami nikaandika.

Mtakoma alikuwa na pembe mbili na jina la kutisha.
Mbarouk aliingia uwanjani na kanga ya mkewe.
Mtakoma akaitazama kanga.
Kisha akamtazama Mbarouk.
Akaogopa.
Mbarouk akaanguka chini kwa kicheko.
Kamba ikakatika, na Mtakoma akakimbilia kwenye muhogo wa watu.

Safaa aliisoma kwa muda wa sketi mbili za skuli, upindo na zipu. Nilisikia anavyoparamia neno, anarudi, anaparamia tena. Mara mbili alitaka kuitupa. Alipofika kwenye kanga alisonya, alipofika kwenye kicheko akacheka, akarudi nyuma kuhakikisha kama kasoma sawasawa. Alipomaliza alinitazama.

"Ipo nyingine?"

Miaka saba, tangu chekechea, mtoto huyu yupo skuli, na hakuwahi kuniuliza swali hilo. Niliinamia charahani nikalia, sikumficha.

Zilikuwepo nyingine. Wanawake waliokuja kupimwa nguo walinipa visa, mmoja wa baba yake, mmoja wa dume lililoingia harusini. Karatasi zikafika kumi na mbili. Sisemi mtoto alipona. Maneno aliyoyasoma jana yalimkataa leo, na siku akiwa kachoka hakuna kilichokwenda. Lakini alianza kunigombeza kwa makosa yangu: hapa umesema pembe ya kulia, na iliyovunjika ni ya kushoto. Mtu hawezi kuigombeza karatasi asiyoisoma.

Habari zikafika skuli, na Mwalimu Nassor akasema alilosema. "Kahifadhi kwa ghibu, kama anavyohifadhi msahafu. Mama anamsomea, yeye anashika." Nilipandwa na hasira, halafu ikabidi nikubali kuwa mimi mwenyewe nimedanganywa hivyohivyo miaka minne. Nikaenda kwa Bi Ummkulthum.

"Asome asichowahi kukisikia," akasema. "Mwalimu Nassor katoa kitabu cha uraia."

"Asome asichokisikia, nakubali. Lakini herufi ziwe kubwa na karatasi iwe ya kaki. Herufi kubwa si wizi."

"Na nani ataandika, ikiwa wewe ndiye mama?"

"Maneno atoe adui yangu akitaka. Mie nitaandika tu, na karatasi uifungie wewe kabatini." Akakubali.

Mdomo uliponza kichwa, adui akaja kesho yake. Safaa alikuwa chuoni. Mzee Silima alipiga hodi kwa fimbo, si kwa mdomo, na alikuwa mwenyekiti wa kamati ya skuli, nisisahau kulisema hilo.

"Shikamoo, Mzee Silima. Karibu."

"Marahaba. Sikukaribia. Weye ndiye unayemwandika ng'ombe wangu?"

"Ndiye mie."

"Nisomee."

Nikamsomea karatasi ya Mbarouk. Mzee Silima alisikiliza amesimama, mikono juu ya fimbo. Nilipofika pale Mtakoma alipoogopa, taya lake lilicheza. Nilipomaliza alikaa kwenye kiti cha wateja bila ya kukaribishwa tena.

"Uongo," akasema.

"Basi nipe ukweli niuandike."

"Miaka mitano nachekwa harusini, Mize. Kila akila pilau yule bwana, ng'ombe wangu anakimbia. Ukweli ninao. Hata mke wangu hajausikia."

"Kwa nini hukusema?"

"Kuna wema ukiusema kwa mdomo wako unakuwa masimango." Akazitazama karatasi zangu za kaki kwa muda. "Mwanao anatakiwa asome kitu ambacho hakuna aliyekisikia, sivyo? Mie ni mtu wa kamati, nimeambiwa. Chukua kalamu."

Nilifunga mlango. Alisema pole pole, na mimi niliandika pole pole, na kuna mahali mkono wangu ulisimama, nikamtazama, akasema, "Andika." Tulipomaliza aliniapisha nisimwambie mtu lililomo. Akaikunja karatasi mwenyewe, akaipeleka kwa Bi Ummkulthum mwenyewe, na akasimama pale mpaka kabati likafungwa.

Kiapo changu nilikitimiza. Sikumwambia mtu lililomo. Nilimwambia tu kila aliyekuja kupimwa nguo kwamba Mzee Silima kamjibu Mbarouk kwa maandishi, na kwamba Alhamisi, skuli, saa tatu, jawabu litasomwa na Safaa. Hilo sikuapishwa.

Siku ya Alhamisi madirisha ya darasa la tano yalijaa watu. Ndani alikaa Bi Ummkulthum, kamati yake, Mwalimu Nassor, na mimi. Mbarouk alisimama nje, ameshika nondo za dirisha, anatabasamu kama bwana harusi. Wale watoto waliolia kama mabata walikuwa chini ya miguu ya wazee wao wakisubiri kulia tena. Niliwaza, Mize, ulimtia aibu mara moja mbele ya darasa, leo umemtia mbele ya kijiji.

Bi Ummkulthum alifungua kabati, akaitandaza karatasi mezani. Mwalimu Nassor alinyoosha mkono. "Labda niisome mimi kwanza, nione kama ni kiwango cha darasa la tano."

Safaa aliweka kiganja chake juu ya karatasi.

"Samahani, Mwalimu. Ntaisoma mwenyewe."

Akatoa kadi yake ya boksi mfukoni, akaiweka juu ya mstari wa kwanza, na dirisha likaonesha maneno machache tu. Akaanza.

"Mimi... Silima... mwenye... Mtakoma."

Watu wakacheka kidogo, kicheko cha kukaa vizuri. Akashusha kadi.

"Mbarouk... anasema... kamba ilikatika." Akapumua. "Mbarouk... haku... hakuona."

"Sikuona?" akasema Mbarouk dirishani. Safaa hakuinua kichwa. Kadi ikashuka.

"Haku... anguka... kwa ki... kwa kicheko. Ali... alikuwa... uso kwenye... mchanga."

Kicheko kikakatika chote. Mstari uliofuata ulikuwa mrefu, kosa langu, nilipaswa kuukata mara mbili. Safaa akaingia ndani yake akakwama. Akarudi mwanzo, akakwama palepale. Niliona shingo yake inatoka jasho, na mkono wangu wenyewe ukawa unakamata kitambaa cha buibui. Nilitaka kulipasua lile neno nimpe. Mtoto mmoja nje akajaribu sauti ya bata, akapigwa kofi na mama yake.

"Kamba... ili... ili..."

"Ilimzo..." akaanza Mwalimu Nassor kwa upole, maana alisimama karibu na aliiona.

"Mwalimu, nyamaza," akasema Mbarouk. Alikuwa hatabasamu tena. "Mwache mtoto asome."

"Mwache asome," wakasema wengine nje, wanaume na wanawake, na Mwalimu Nassor akarudi nyuma hatua moja. Na hapo nikaona jambo ambalo sijaliona maisha yangu. Kijiji kizima kilikuwa kinamngoja Safaa. Hakuna aliyekuwa na pa kwenda. Walichokitaka kilikuwa chini ya kile kidirisha cha boksi, na mwenye ufunguo alikuwa yeye, na yeye alikuwa anafungua kwa muda wake.

"Kamba... ilim... zonga... mguu. Ilimzonga mguu... na ng'ombe... alikuwa anaivuta."

Mbarouk alitazama chini, kwenye kifundo cha mguu wake.

"Kamba... haikukatika." Kadi ikashuka. "Nili... niliikata... mimi. Kwenye mti. Kwa... panga langu."

Mzee Silima alikuwa anatazama ukuta, fimbo katikati ya magoti. Safaa sasa alikuwa anaingia katika maneno kama mtu anayepita kwenye miba, na hakusimama.

"Nilinyamaza... kwa sababu... uwanja... ulijaa watoto... na ng'ombe... niliyemfungua... angeweza... kuua. Mungu... alisalimisha. Mtakoma... hakukimbia. Ali... alifunguliwa."

Akaiondoa kadi. Karatasi ilikuwa imekwisha.

Mwalimu Nassor alitazama simu yake. Nadhani alitaka kuwa mkweli tu, hakuna zaidi. "Dakika kumi na tisa," akasema. "Ukurasa mmoja."

Safaa aliinua kichwa. Uso wake ulikuwa umelowa jasho.

"Na nyote mmekaa mkaningoja," akasema.

Bi Ummkulthum alichukua kalamu, akaandika, akasoma alichoandika: Safaa anabaki darasa la tano, na karatasi zake za mtihani ziandikwe kwa herufi kubwa, na apewe muda. Kisha akamwambia Mwalimu Nassor aje dukani kwangu aoneshwe namna ya kukata dirisha la kadi. Alikuja, sitasema uongo, alikuja Jumamosi na boksi lake. Imla yake bado anaisoma mbio, na hilo nitamwendea tena.

Mbarouk alikuja kabla yake, Ijumaa baada ya sala, kanzu imepigwa pasi. Alikuwa katoka kwa Mzee Silima. Waliyozungumza huko sikuyasikia na sikuuliza. Alikaa kwenye kiti cha wateja, akanyoosha mguu wenye kovu, akamwita Safaa aliyekuwa anashona vifungo.

"Mwanangu, hebu nisomee tena pale pa panga."

Safaa alikwenda kwenye rafu akaitoa karatasi, maana Bi Ummkulthum alimpa iwe yake. Akamwekea Mbarouk mapajani, na juu yake akaweka kadi.

"Soma mwenyewe, Baba Mbarouk."

"Ah, mie kusoma kwangu kwa kubahatisha. Niliacha zamani. Ntachukua mpaka alasiri hapa."

"Soma tu. Hapa hatutazami saa."

Mbarouk alicheka, akaona Safaa hacheki, akaacha. Akaishika kadi kwa vidole viwili, akainama. Mimi Silima, akasema. Mwenye Mtakoma. Mstari wa pili aliupita. Wa tatu ukamkamata, akasimama pale, midomo inatafuta, na jina lake mwenyewe lilikuwa mbele ya neno lililomkwamisha. Nikafungua mdomo nimsaidie.

Safaa akanitazama. Nikaufunga.